Chumvi na Mkaa Nyuma ya Jiko

Mwezi uliopita nilikwenda Nyabiyonza kumzika mwanamke aliyenifukuza nyumbani kwake. Watu wangu wa Nyaishozi walinishangaa, wakaniuliza nafuata nini kule, nikawajibu kwamba nafuata msiba, basi. Nilifika asubuhi, nikafunga kanga kiunoni na kukaa na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Hakuna aliyenitolea neno baya. Ila kuna bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuja kuchezea maganda karibu na beseni langu, naye akamvuta mkono taratibu, akampeleka upande wa pili, kisha akanitabasamia. Lile tabasamu lilinikera kuliko tusi. Jina la mchawi nimelibeba tangu nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na nililibeba kwa ajili ya yule aliyekuwa amelala ndani ya jeneza. Jina lenyewe nimelizoea. Kuona watoto wakivutwa mkono ndiko kulikonishinda, na sidhani kama nitakuzoea.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kwanza wa ndoa yangu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimesomea umeme wa majumbani, na Evodi alinioa kabla sijapata hata kibarua. Yeye alifanya kazi mgodini Kyerwa, akija nyumbani kwa nadra, kwa hiyo mume wangu nilimjua kidogo kuliko nilivyomjua mama yake, Ma Leokadia, na dada yake, Paskazia. Mimi na Paska tulilala chumba kimoja, chenye dirisha dogo lililotazama mibuni na ukuta ambao haukufika juu, kiasi kwamba mtu akikohoa sebuleni unamwitikia pole ukiwa kitandani. Paska alikuwa mcheshi na mvivu wa kuamka. Alinifundisha namna ya kukaa na mama yake: usimjibu haraka, usikatae chakula chake, na usipite mbele yake ukiwa umesimama wima anapoongea na wageni. Nilimpenda yule mtoto. Nilikuwa sijawahi kuwa na mdogo wa kike, na yeye alijipa nafasi hiyo bila kuniuliza.

Umeme ulikuwa umefika nyumba kubwa. Jiko, kama ilivyo kwetu, lilikuwa kijumba cha peke yake nyuma ya nyumba, na fundi mmoja wa mtaani alikuwa amevuta nyaya mbili tu kwenda kule kwa ajili ya taa. Evodi akaleta kutoka Kyerwa jiko la umeme la sahani moja, bovu, ambalo mtu fulani mgodini alitaka kulitupa. Mama alilitazama akacheka, akasema sasa mkwe wake apike kwa vyeti. Nililifungua juu ya jamvi, Paska akiwa amechuchumaa pembeni akila karanga. Koili, ule waya uliojisokota unaotoa joto, ilikuwa imekatika mahali pengi, haiungiki. Nikanunua nyingine mjini Kayanga, nikaivuta polepole ili mizunguko yake iachane sawasawa, maana ikisongamana mahali pamoja, hapo ndipo inapochomeka. Nikailaza kwenye mifereji ya ile sahani ya udongo, ncha zake nikazikaza kwa skrubu za shaba, na pale nyaya zinapopenya chuma nikazivalisha vishanga vya kauri ili zisiguse mwili wa jiko. Waya wa tatu, ule wa kijani, nikaufunga kwenye mwili wenyewe wa jiko. Paska akauliza wa tatu ni wa nini wakati taa inawaka kwa mbili. Nikamwambia huo ni wa siku mbaya. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma, waya huo unaupokea na kuupeleka ardhini, fyuzi inakatika, na aliyeshika jiko anapona.

Ila waya wa ardhini lazima ufike ardhini, na jikoni kule haukuwapo. Hivyo nikachimba shimo nyuma ya jiko, pembeni mwa migomba, nikasimamisha fimbo ya shaba, nikaifunga kwa waya uliotoka kwenye soketi niliyoiweka jikoni, nikaizungushia mkaa uliosagwa na chumvi, nikamwagia maji, nikafukia. Ndivyo tulivyofundishwa: mkaa na chumvi hutunza unyevu na kuusaidia umeme kushuka. Siku hiyo Mama alikuwa amekwenda kanisani na Paska alikuwa kisimani. Aliyeniona ni jirani, Ma Justa, aliyepita na tita la kuni kichwani, akanisalimu, akatazama shimo, akatazama ile chumvi mkononi mwangu, akapita. Mimi nikamwitikia kwa furaha. Nilikuwa najisikia fundi, na haikunipitia akilini kwamba yeye alikuwa ameona kitu kingine kabisa: mke mpya, peke yake nyumbani, anafukia mkaa na chumvi na chuma ukutani mwa mama mkwe. Ningekuwa mimi ndiye napita, na sijasomea umeme, pengine ningeona hivyohivyo.

Miezi michache ilikuwa mizuri. Jiko lilipika maharage bila moshi, na Mama, ambaye macho yalikuwa yakimtoka machozi kwa sababu ya kuni, aliacha kulia. Alianza kuwaambia wageni, huku akijifanya analalamika, kwamba nyumbani kwake siku hizi hakuna jivu la kuoshea masufuria. Kisha mnyauko ukaingia. Wakulima wa ndizi wanajua ninachosema: majani yanageuka manjano na kulegea, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha. Ulishika mashamba mengi mwaka ule, lakini kwetu ulianza na ile migomba ya nyuma ya jiko. Nilikuwa chumbani nakunja nguo niliposikia Ma Justa akiongea sebuleni kwa sauti ya chini, kisha Mama akisema, "Hapana, huyu mtoto ni mwema." Ma Justa akajibu, "Sijasema si mwema. Nimesema nilichoona." Nikadhani wanamsema Paska, aliyekuwa ameanza kuandamwa na kijana mmoja kutoka Ndama. Nikacheka peke yangu.

Baadaye nilikwenda Kyerwa kumwona Evodi. Niliporudi nilikuta migomba ile imekatwa yote na mashina yake yamerundikwa ukutani nyuma ya jiko. Mama alinipokea kwa wema uliopita kiasi. Aliniandalia mwenyewe ndizi na samaki, akanitazama nikila, akanishika bega kana kwamba nilikuwa nimetoka kuugua. Jioni hiyo Ma Justa alipita, nikamsikia Mama akimwambia mlangoni, "Tumeshamaliza. Na yeye tusimwambie, tusimvunje moyo." Niliamini anasema habari ya migomba. Paska naye alikuwa kimya, jambo ambalo halikuwa tabia yake, ila nilipomtania kuhusu yule kijana wa Ndama alicheka na mambo yakaisha. Leo najua kwamba alishika taa ya mkononi wakati mama yake akichimba. Kwetu bibi harusi haambiwi usoni jambo kama lile. Anasafishiwa njia kimyakimya, watu wanaendelea kula naye, na wao wanauona huo kuwa ndio upendo.

Siku ya Paska ilikuwa Jumamosi. Watu wa Ndama walikuwa wanakuja kujitambulisha, na nyumba ilitandikwa majani mabichi kama desturi ya wazee. Mama alijivunia jambo moja: kwa kuwa jikoni hapakuwa na moto wa kuni tena, cheche hazipo, basi hata jikoni patandikwe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majani yalifika yakichuruzika maji. Tukavua viatu wote, maana majani ya wageni hayakanyagwi na viatu. Mimi nilikuwa sebuleni napanga vikombe. Paska alikuwa jikoni na sufuria ya maziwa, na yalifurika, nilisikia mlio wake yakimwagikia koili, nikamsikia akijilaumu. Kisha akaniita, "Dada Domi, limezima!" Nikamjibu, "Zima kwenye soketi, nakuja!" Sijui kama alinisikia. Koili ilikuwa imekatika na ncha yake imeangukia kwenye chuma cha jiko. Akaligusa ili aone lina nini, miguu yake ikiwa peku kwenye majani yaliyolowa.

Sitaeleza nilivyomkuta. Nilikata swichi kubwa, nikamvuta, nikamfanyia yote niliyofundishwa chuoni mpaka wanaume wakanitoa juu yake. Wageni wa Ndama walifika wakati huohuo wamevaa suti, wamebeba zawadi, na wakaingia kwenye kilio. Yule kijana alisimama mlangoni bila kujua pa kuweka mikono. Mimi akili ilikuwa imeganda kwenye jambo moja tu, fyuzi, kwamba fyuzi haikukatika, na ilipaswa kukatika. Nikaenda nyuma ya jiko, nikayasogeza yale mashina ya migomba yaliyokuwa yameoza. Waya wangu ulikuwa umekatwa kwa panga, ncha yake imekuwa nyeusi kwa kukaa muda. Shimo lilikuwa limefukiwa na magugu yalikuwa yameota juu yake. Nikakaa chini kwenye matope. Nikaelewa kila neno nililolisikia kupitia ule ukuta.

Tulimzika. Siku za matanga Mama alijifunga kiunoni gauni la Paska na hakula ila uji aliolishwa. Kisha akaja mtu wa umeme kukagua, kijana mpole mwenye daftari la kazi, akazunguka nyumba, akaingia sebuleni kukaa na Mama. Nilikuwa chumbani kwetu, upande wa kitanda cha Paska. Nilisikia yote.

"Mama, pole sana. Huko nyuma kulikuwa na waya wa ardhi. Nani ameukata?"

Nikasikia Mama akivuta kiti.

"Una kazi gani waya huo?" Mama akauliza.

Akamweleza vizuri kuliko nilivyomweleza Paska. Habari ya mkaa, ya chumvi, ya ile fimbo. Alisema, kwa alama alizozikuta, aliyefunga alifunga sawasawa.

"Kwa hiyo waya huo ungekuwepo?"

"Angeshtuka tu, mama. Fyuzi ingekatika."

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimeshasimama, tayari kukimbilia sebuleni kumshika. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asante, baba. Karibu chai."

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya matanga. Evodi alikuwepo, ameegemea mlango. Mzee wa kikao alikuwa Ta Zakaria, kaka wa marehemu baba mkwe, mtu wa haki, na nasema hivyo kwa dhati. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilipitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akachukua punje zake, kikafika kwa shangazi aliyekaa kulia kwangu, naye akanyoosha mkono mbele ya kifua changu akampa aliyekuwa kushoto. Hapo nikajua hukumu imekwisha kutolewa, kilichobaki ni maneno. Ta Zakaria akafungua kiroba, akamwaga kwenye jamvi ile fimbo ya shaba na madonge ya mkaa yaliyogandana na chumvi.

"Binti, hivi ulivifukia wewe?"

"Ndiyo, Ta."

"Mama yenu amevifukua juzi, tulipotoka kuzika. Ni vya nini?"

Juzi. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamia gauni la Paska, analikunja pindo na kulikunjua.

"Ni vya umeme, Ta. Vinamlinda mtu asipigwe."

"Chumvi ya umeme?" mtu akasema nyuma, na wachache wakacheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka kulia. Ta Zakaria akawanyamazisha. Akaniuliza polepole, akitaka kweli jibu, "Kama vilikuwa vya kulinda, na vilikuwapo hapo mpaka juzi, mbona mtoto amekufa?"

Jibu lilikuwa moja tu. Havikuwapo. Alivitoa mama yake mwenyewe, kwa mikono yake, akiamini anamwokoa. Ningelisema, ningemwita yule mkaguzi athibitishe, na ningetoka pale nikiwa safi. Mama akainua uso. Nimeuona uso huo mara nyingi tangu siku ile. Haukuniomba, na haukunitisha pia. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama ukingoni akingoja kuona kama utamsukuma. Alikuwa amebaki na kitu kimoja cha kumfanya aamke asubuhi, nacho ni kwamba mwanawe aliuawa na mtu mwingine. Nilifikiri nikimnyang'anya hicho, kufikia jioni tutamkuta amejinyonga kwenye mbuni. Nilikuwa na umri wa kijinga wa kuamini kwamba mtu anaweza kubeba jambo kama lile kwa niaba ya mwenzake, akalitua baadaye.

"Sijui, Ta," nikasema.

Evodi alitoka nje. Mama akasema nisilale tena kwake, nami nikaenda kufunga nguo zangu. Hakuna aliyenipiga wala kunitemea mate, na hilo nalo walihesabu kuwa wema.

Maisha yakaendelea, niliolewa tena Nyaishozi, nikazaa, nikafungua kibanda cha kutengeneza pasi na majiko na birika, na wateja walikuja, kwa kuwa pasi ikiungua mtu hachagui fundi. Nisingerudi kwenye habari hii. Lakini mwaka huu binti yangu alipata mchumba, watu wa mchumba wakaulizia kwetu, na mtu akawaambia mama yake aliua wifi yake huko Nyabiyonza kwa dawa za kufukia. Wakasitisha. Binti yangu hakunilaumu, alikaa tu kwenye kibanda changu mchana kutwa akisokota kipande cha waya. Ndipo nikaenda kwa Ma Leokadia, ambaye nilisikia yu hoi kitandani.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akawatoa wajukuu chumbani. Akanishika mkono. "Nilijua," akasema. "Yule kijana wa umeme aliniambia. Na wewe ulijua nimejua." Alilia, na mimi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nikamweleza habari ya binti yangu. Nikamwomba aite wanawe aseme neno moja tu mbele yao, kwamba alifukua kabla Paska hajafa.

"Siwezi, mwanangu."

"Mama, nimenyamaza ujana wangu wote."

"Nikisema, watanizikaje?" akasema. "Watanitazamaje wakinifunika?"

Nikamwachia mkono. Akaniuliza kama nimekula, akawaita wajukuu waniletee ndizi. Sikula. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikataa chakula chake, na nilijisikia vizuri.

Basi akafa, na nikaenda. Mhubiri alimsifu kwa uvumilivu, akasema marehemu alipotezewa mwana na mikono miovu lakini hakulipa kisasi, na watu wakaguna kuafiki, na wengine wakageuza shingo kunitafuta. Tulipomaliza kumwaga udongo, Evodi alinifuata pembeni. Amekuwa mzee, anakohoa vumbi la mgodi. Akaniambia, "Domi, Mama hayupo tena. Niambie leo. Nini kilitokea pale?"

Nikamwambia. Aliniuliza kwa namna ya mtu aliyekaa na swali miaka mingi, kwa hiyo sikumficha kitu, hata yale Mama aliyoniambia akiwa hoi kitandani. Alilia bila kujificha. Nikamwambia kuhusu binti yangu, kwamba ninachohitaji ni mtu wa ukoo huu aseme. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Nani mwingine anajua?"

"Tuliobaki ni mimi na wewe."

Akatazama upande waliokaa wazee, akatazama kaburi. "Basi iishie kwetu wawili, Domi. Nakuomba. Ndiyo kwanza tumemfunika."

Nilimtazama. Nilishawahi kumpenda mtu huyu, nikasafiri mpaka Kyerwa kwenda kumwona.

"Nilinyamaza ili aishi," nikamwambia. "Ameishi."

Nikamwacha hapo, nikaenda walipokaa wazee, nikapiga magoti, nikawasalimu, nikaomba nafasi ya kusema. Ta Zakaria, ambaye macho yake yamekwisha, akauliza huyo ni nani. Nikamtajia jina langu, nikangoja mpaka wote wakanyamaza.